Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa sayansi wa Nyamagana, Ilemela na visiwani,

Vikao vya kamati vilifanyika, mitihani ya majaribio ya fizikia na kemia ilitungwa, waliofiwa tuliwashika mkono. Hayo mnayajua.

Nije kwenye semina. Yamesemwa mengi kwamba kamati, na hasa mimi, tulitumia fedha za chama kwa siku nzima ya spektroskopia ya nyutroni, yaani kuchunguza maada kwa kuirushia nyutroni (chembe za ndani ya kiini cha atomu, ambazo mara nyingi hupatikana kwenye kinu cha nyuklia), ilhali Tanzania nzima haina kinu cha nyuklia. Ni kweli haina. Lakini kila mwaka tunawafundisha wanafunzi kwamba molekuli hazitulii, na anayeuliza hilo limejulikanaje tunamwonyesha chembe za chavua kwenye darubini, basi. Nyutroni zinajibu kwa undani zaidi. Nyutroni haina chaji, hivyo hupenya hadi kwenye kiini cha atomu. Uzito wake unakaribiana sana na wa kiini cha haidrojeni. Vikigongana ni gololi kwa gololi. Ikiingia na nishati tunayoijua ikatoka na pungufu au zaidi, tofauti hiyo inatueleza molekuli ilikuwa ikitetema, ikizunguka au ikihama. Na kwa kuwa haidrojeni hutawanya nyutroni kwa nguvu kuliko atomu nyingi, maji yaliyonaswa ndani ya saruji au udongo wa mfinyanzi huonekana yakisogea. Ukitaka kuificha sehemu moja ya molekuli, unaweka haidrojeni nzito, ambayo hutawanya nyutroni kidogo zaidi, mahali pa haidrojeni ya kawaida ya sehemu hiyo. Bertram Brockhouse aliijenga njia hii kwenye maabara ya nyuklia ya Chalk River, Kanada, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 pamoja na Clifford Shull. Mwalimu wa fizikia kutolijua hili ni hasara kwa darasa lake, na ningeulizwa leo ningeamua vilevile.

Mada niliiandaa mwenyewe, usiku, bila posho. Anayedai nililipwa aende akakague vitabu kwa mweka hazina.

Kilichoniuma ni mahudhurio. Wanachama tuko 58, ukumbini walikuja 19, na baadhi waliondoka baada ya chai. Ada ni shilingi 20,000; waliolipa ni 23, jumla 460,000, ambapo ukumbi, chakula na uchapaji vilichukua 415,000. Wengi wanaolalamikia matumizi hawamo kwenye orodha ya waliolipa. Orodha imebandikwa.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta mtafiti wa Grenoble, Ufaransa, penye kituo kikubwa cha utafiti wa nyutroni, azungumze nasi kwa mtandao, na hali ikiruhusu tuanzishe mfuko wa vifaa vya maabara. Ada zipelekwe kwa mweka hazina, na kila mmoja adai risiti yake.