Risala ya klabu ya afya siku ya wazazi: mwili umewahi, akili bado iko njiani

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo. Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, mwalimu mlezi wetu, walimu wote, wazazi na walezi mliofunga biashara zenu leo mkaja kutusikiliza, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, mambo vipi.

Sisi ni klabu ya afya, tuko 42, tunakutana kila Jumatano baada ya vipindi chini ya ule mwembe nyuma ya maabara. Mwaka huu tulianzisha kitu kidogo tu, boksi la maswali. Lilikua boksi la viatu tukalitoboa juu na kisu, mtu anaandika swali lake bila jina anatumbukiza, alafu Jumatano tunafungua na mwalimu wa baiolojia na nesi wa zahanati anatusaidia yale magumu. Tulidhani tutapata vikaratasi vitano. Wiki ya kwanza boksi lilijaa mpaka vingine vikawa vinaning'inia kwenye tundu.

Swali lililorudi kuliko yote lilikua la urefu. Wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili wanaona wasichana wamewapita kimo wanadhani wao wamedumaa. Nesi akatueleza kwamba wasichana wanaanza balehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, kwahiyo msichana anatangulia kurefuka alafu mvulana anakuja kushtuka akiwa na miaka kama 14, na hapo mwaka mmoja anaweza kupanda sentimita 9 au zaidi. Amri yote inatoka kichwani, kuna kitezi kinaitwa pituitari kidogo kama njegere, kikishaagizwa na ubongo kinapeleka homoni kwenye damu na mwili mzima unaanza kazi. Miguu na mikono inatangulia kukua kabla ya kiwiliwili. Wazazi wetu naomba hapa mtusikilize, viatu mlivyonunua Januari mwezi wa sita vidole vimekunjamana ndani, sio kwamba mtoto hatunzi vitu.

Lingine liliandikwa na mvulana, kwamba kifua chake kimevimba kidogo kinauma na ameacha kucheza mpira kwasababu wenzake wanavua mashati. Miezi mingapi kakaa na hilo peke yake jamani! Jibu lilikua fupi, ni homoni, inawapata wavulana wengi na kwa kawaida inaondoka yenyewe, ikizidi au asipoelewa aende hospitali. Jumatano iliyofuata tukakuta kikaratasi kimeandikwa asante tu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwili unaonekana, shida yetu kubwa iko kwenye kile kisichoonekana. Mtu akiwa na miaka 15 na ndevu zimeanza kuchomoza, nyumbani anaambiwa jitu zima hovyo halina akili. Ukweli ni kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga, kupima matokeo na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu, kama 25 hivi, wakati ile ya hisia, ya hasira na woga na furaha, imeshachangamka mapema sana. Ni kama nyumba ambayo wadogo wote wameshaamka wanapiga kelele alafu mkubwa wa nyumba bado yuko kwenye foleni anarudi.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu gemu ya kuendesha gari, wengine wakicheza peke yao na wengine wenzao wakiwaangalia. Wa miaka 13 mpaka 16 wakiwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana, kwa watu wazima tofauti ilikua ndogo. Sisi hatukushangaa, tunaona kila jioni kituoni mvulana mpole kabisa darasani anadandia mlango wa daladala inayotembea kwasababu marafiki zake watatu wanamwangalia. Akiwa peke yake anasubiri isimame.

Na ubongo huohuo ndio unaanza kufikiria vitu visivyoshikika. Jean Piaget wa Uswisi alisema kuanzia miaka 11 au 12 mtoto anaanza kuweza kuwaza kwa nadharia, kujiuliza itakuaje kama ingekua hivi. Ndio maana tunaweza kutafuta x sa hivi, na ndio maana pia tunauliza kwanini mimi nisiende na kaka aende. Tunajua inasikika kama kujibizana na wakubwa. Tunaomba mtusahihishe sauti na adabu, ila swali msilizime.

Sasa nije kwenye usingizi, hapa ndio klabu nzima ilinituma nikae kidogo. Balehe inasogeza mbele ile homoni ya usingizi, melatonini, usingizi unachelewa kuja kwa saa moja mpaka mbili kuliko ulivyokua utotoni, na mtu wa umri wetu anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10. Mwenzetu mmoja anatokea Chanika, kule pembezoni mwa Dar. Anapata usingizi saa 5 usiku, anaamka saa 10 alfajiri, kituoni konda anasema wanafunzi wawili tu wengine subirini maana nauli yetu ni ndogo, daladala ya tatu ndio anaipata, anasimama njia nzima begi kaliweka tumboni, anafika namba imeshahesabiwa. Anapewa kupiga deki. Saa 4 kipindi cha hesabu kichwa kinadondoka kwenye dawati, anaambiwa usiku kazi yako kuchati. Hana hata simu.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2014 kilishauri shule za umri wetu zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Sisi hatuombi hivyo, jua la Dar na foleni tunazijua. Tunaomba wanaotoka mbali namba yao isogezwe dakika 20 tu, na uongozi ukae na madereva na makonda wa njia zetu.

Kuhusu hisia nitasema la mwenzetu mmoja, amekubali nilisome. Kidato cha pili alisimama kusoma shairi, sauti ikakatika katikati ya mstari, ikapanda kama ya mtoto alafu ikashuka nzito, darasa likalipuka kwa kicheko na mwalimu pia akacheka. Mpaka leo, mwaka wa pili, hanyooshi mkono hata jibu analijua. Sauti yake sa hivi ni nzuri sana, ndio besi wetu kwenye kwaya.

Wasichana wenzangu wamenituma moja. Choo chetu kina milango miwili tu inayofungika na maji hayapandi siku nyingi, kwahiyo mwezi wa pili na joto lote lile unamuona mtu kafunga sweta kiunoni kutwa nzima, na wengine siku hizo hawaji kabisa. Tunaomba chumba kimoja kidogo chenye maji, ndoo yenye mfuniko, komeo, na pedi za akiba kwa matroni. Mafundi wapo, wazazi wawili wamesema watajitolea ufundi, tumekwama kwenye tenki na mabomba.

Na nesi aje hata mara moja kwa mwezi kwa ratiba, sio mpaka sisi tumfuate. Boksi limejaa tena, leo asubuhi nimelibeba mwenyewe, liko hapa mezani mbele yako mheshimiwa, tunaomba uchukue kikaratasi kimoja ukijibu kwa sauti yako.

Tunaomba kuwasilisha.