Idi Mubarak kutoka Ujiji, na ombi moja la mama

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mwezi umeandama. Redio imetangaza sasa hivi, na watoto wa mtaa wameshaanza kuleta takbira kwa sauti kubwa kuliko muadhini. Niko uani na mama, tumekaa mkekani. Kwa niaba yake na ya wote tuliobaki nyumbani nawapa mkono wa Idi nyote: wa Dar es Salaam, wa Mpanda, wa ng'ambo ya ziwa kule Kalemie, wa Bujumbura, na kaka yetu aliyeko Muscat. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, awarehemu waliotangulia, na anayeumwa ampe afya.

Ramadhani hii tumefuturu pamoja kwa namna yetu. Jua la Dar huzama kama dakika 40 kabla ya letu, kwa hiyo mpwa wangu wa Mbagala hupiga video saa 12 na nusu jioni akiwa na tende mkononi, huku kwetu jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Nilipotaka kumwambia apige baadaye, mama alinizuia. "Mwache. Nataka kusikia wamekaa wangapi."

Wengi wenu mnajua macho ya mama yalivyofifia kwa presha ya macho. Mwaka wa tatu sasa haoni uso kwenye simu, anaona mwanga tu. Mkituma video mimi ndiye ninayetazama, yeye anaiweka sikioni. Na nimejifunza kwamba anapata mengi kuliko mimi.

Dada wa Mpanda, ulituma mvua ya masika ikinyesha nyumbani kwako. Mimi niliona maji tu. Mama akasema, "Hilo ni bati jipya. Kumbe kile chumba wamekiezeka." Ulikuwa hujatuambia. Kaka, wewe ulijirekodi ukitembea kwenda kazini alfajiri, ukatuonyesha barabara ilivyo safi. Mama akaomba niirudie mara tatu. "Anaburuta mguu. Muulize." Ndipo ukakubali kwamba uliteguka wiki mbili nyuma na ukaona usitutie wasiwasi. Hukusema neno lolote la mguu katika ile video, hatua zako ndizo zilizosema.

Mji wetu umezoea kuwa na watu wa mbali. Enzi za misafara, habari za pwani zilifika Ujiji kwa miguu kupitia Tabora, na Livingstone mwenyewe alikuwa hapa akingoja barua na vifaa vyake mpaka Stanley akamkuta mwaka 1871. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, barua nazo zikapanda treni. Lakini nyumba yenyewe, na vishindo vyake, haikuwahi kusafiri mpaka zilipokuja kaseti. Tulio wakubwa tunakumbuka baba alivyokuwa akiweka redio kaseti juu ya meza, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anatuamuru tunyamaze, kisha anamsalimia ami yetu aliyekuwa Uarabuni. Jogoo akiwika, baba alikuwa anaanza upya. Ami aliporudi alituambia kwamba sehemu aliyoipenda ni ile ambayo jogoo aliwika na baba hakuifuta.

Sasa niwaambie kwa nini naandika yote haya usiku wa Idi.

Mnaikumbuka harusi ya mdogo wetu. Baba alisimama akampa bibi harusi nasaha, tulio jikoni tukaacha miiko tukaja mlangoni kusikiliza. Video ya siku ile tunayo, nzuri, rangi zake safi. Ila mpiga picha aliweka wimbo juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simlaumu, sisi wenyewe tulimwambia aipambe. Baba alifariki mwaka uliofuata. Tulipomrudia mpiga picha kumwomba ile ya awali, alikuwa ameshaifuta. Kaseti za Uarabuni hazijulikani ziliko. Kwa hiyo sauti ya mzee wetu hatuna. Tuna midomo yake inayocheza, dakika 4 nzima, chini ya taarabu ya watu wengine.

Mama huniomba niiweke. Ananiuliza, "Sasa anafanya nini?" Namwambia ameinua mkono wa kulia. Anasema, "Hapo anamwambia asilale na kinyongo." Nanyamaza. Baadaye namwambia ameangalia chini. Anasema hapo hakumbuki tena.

Ndugu zangu, nawaomba. Kesho mtatuma video nyingi, za kanzu mpya, za pilau, za watoto waliopakwa hina. Tumeni, na mimi nitamsimulia mama kila rangi. Lakini msiweke muziki juu yake. Acheni sufuria igonge, mtoto alie, jirani abishe hodi katikati. Kipaza sauti cha simu nyingi kiko chini, karibu na tundu la chaji, na vidole hukiziba mtu anaposhika simu kwa mikono miwili. Kiacheni wazi. Na msiishie kwenye stetasi, maana baada ya saa 24 imeondoka, na mimi nikiwa sokoni Mwanga kutwa nzima inanipita. Wekeni kwenye grupu la familia, nami nazihifadhi kwenye kadi mbili tofauti. Najua bando si bure. Dakika moja inatosha.

Na Idi ikiisha, msinyamaze mpaka Idi ya kuchinja. Nitumieni Jumanne ya kawaida. Shemeji akiosha vyombo, watoto wakisoma kwa sauti, feni ya Muscat, daladala ya Mbagala na kondakta wake. Binamu wa Kalemie, wewe tuko nawe kwenye ziwa moja, lakini mama anasema mawimbi ya kwako yanapiga tofauti na ya kwetu. Anataka kuyasikia tena.

Ya kwangu inafuata baada ya ujumbe huu, ni dakika 2. Msihangaike kuongeza mwanga wa simu, hakuna cha kuona. Mwezi mwandamo ni giza, na giza ndilo la dagaa, hata usiku wa Idi. Mtasikia injini za mitumbwi zikitoka. Vijana watarudi alfajiri, waoge, wawahi sala. Mtasikia takbira za watoto, na karibu na simu mtasikia kitu kama mchanga unaomwagwa polepole. Huyo ni mama anachambua mchele wa pilau kwa vidole, amekataa nimsaidie. Mwishoni anawaita mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mkubwa. Amesita kidogo kabla ya jina la mwisho, nami sikukikata kile kimya.

Idi Mubarak. Wekeni simu sikioni.