Kuondolewa puru si lazima iwe saratani

Kwa Mhariri,

Hapa Kisumu, mtu akisikika ameondolewa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, majirani huanza kunong'onezana kuhusu saratani. Wapo, hata hivyo, wanaofanyiwa upasuaji huo kwa maradhi mengine, hasa vidonda vya kudumu vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo, dawa zinaposhindwa.

Tofauti hiyo ina uzito. Penye saratani, daktari huondoa pia mafuta na tezi zinazozunguka puru. Pasipo saratani, anaweza kukata karibu na ukuta wa utumbo wenyewe ili kuepuka mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu cha mkojo na tendo la ndoa, jambo ambalo mgonjwa, hasa kijana, ana haki ya kuliuliza waziwazi kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, japo wengi wetu huona haya. Aulize pia kuhusu kidonda cha sehemu ya haja kubwa, ambacho huweza kuchukua miezi kupona.

Mwaka 1978, madaktari wa upasuaji Parks na Nicholls wa London walieleza jinsi ya kushona, kwa utumbo mdogo, mfuko wa ndani wa kuhifadhi choo badala ya puru, na baadhi ya wagonjwa hunufaika nao. Wengine hubaki na mfuko wa nje wa kukusanyia choo, unaobandikwa tumboni, maisha yao yote. Kwa ajili yao naiomba serikali ya kaunti ihakikishe mifuko hiyo haikosekani katika hospitali za umma, kwani nimemwona mgonjwa akijisitiri kwa kopo tupu la siagi lililofungwa kwa tambara, huku ngozi ya tumbo ikichubuka.

Msomaji wako,
Kisumu