Risala ya Klabu ya Elektroniki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi, Busia, Uganda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Elektroniki, tunakukaribisha shuleni kwetu na kukushukuru kwa kuziacha shughuli zako ili uwe nasi leo.

Klabu hii ilizaliwa baada ya kuanza mwaka 2020 kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao unamtaka mwanafunzi abuni na kutengeneza, si kukariri tu. Tulianza na kengele za mlango, na leo tunakuonyesha kitambuzi cha metali kinachoendeshwa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, kazi ambayo tunaamini imeiingiza shule yetu katika safu ya wavumbuzi wa Afrika Mashariki. Tangu mashambulizi ya Kampala ya Julai 2010, Waganda wengi wamezoea kupitishiwa kifaa cha aina hii mlangoni mwa kanisa au duka kubwa, lakini wanaothubutu kukitengeneza ni wachache. Cha kwetu kinatumiwa na askari wa lango kusaka simu wakati wa mitihani, na maseremala wa mjini hutuletea mbao kuukuu tuwatafutie misumari kabla hawajapasua, maana msumari mmoja uliojificha huharibu meno ya msumeno.

Ndani ya kitambuzi chetu mna maikrokontrola ya ATmega328P, na chini yake kuna koili ya mizunguko 25 ya waya wa shaba, iliyofungwa kuzunguka kifuniko cha ndoo ya plastiki. Waya wenyewe tulipewa na fundi anayesuka mota upya. Programu huruhusu umeme upite katika koili kwa muda mfupi, kisha huukata ghafla. Hapo volti ya koili huruka hadi mamia, kisha hushuka. Metali ikiwa karibu, mikondo inayozaliwa ndani yake huuchelewesha mshuko huo, na ucheleweshaji huo ndio tunaoupima. Kigeuzi cha analojia cha maikrokontrola hii, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, kwa mpangilio wake wa kawaida, huchukua mikrosekunde 104 kwa kipimo kimoja, na kwa muda huo habari tunayoitafuta huwa imekwisha kupita. Kwa hiyo wanachama wetu waliamua kutumia kilinganishi kilichomo ndani yake, ambacho huonyesha papo hapo volti moja inaposhuka chini ya nyingine, pamoja na saa ya 16 MHz, inayohesabu kwa hatua za nanosekunde 62.5. Wageni wengi huuliza kama kitaiona dhahabu ya Busia. Tunawajibu kwa ukweli kwamba mikondo katika punje ndogo hufifia kabla kifaa hakijaanza kupima, na hatuko tayari kumpa mchimbaji matumaini ya uongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haja yetu ni moja, nayo ni osiloskopu, kifaa kinachochora kwenye skrini jinsi volti inavyopanda na kushuka.

Sambamba na koili huwekwa rezista, kipande kinachokinza umeme, ili kuituliza volti. Ukiweka yenye ukinzani mkubwa mno, volti hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia, na kifaa hulia hata pasipo na metali. Ukiweka yenye ukinzani mdogo mno, mshuko huwa wa polepole na ishara ya kitu kidogo kama sarafu hufunikwa. Thamani inayofaa iko katikati, nayo hubadilika kwa kila koili tunayosuka. Mambo haya yote hutokea ndani ya mikrosekunde chache, na multimita, ambayo ndicho kipimo pekee tulicho nacho, haiwezi kuyaonyesha. Kwa sababu hiyo tunabadilisha rezista moja baada ya nyingine, tunapitisha sarafu juu ya koili na kusikiliza. Vijana wenye uwezo wa kuandika programu ya nanosekunde wanalazimika kubahatisha kwa sikio, na jambo hilo linatuuma sana.

Mheshimiwa, tunalisema lifuatalo kwa adabu zote. Mgeni rasmi wa mwaka jana alituahidi osiloskopu hapa hapa uwanjani, mbele ya wazazi hawa hawa, na aliyemtangulia alikuwa ameahidi hivyo hivyo. Tulipiga makofi mara zote mbili. Tuliandika barua za kukumbusha, tukajibiwa kwa upole kwamba suala linashughulikiwa. Meza tuliyokitengea kifaa hicho maabara, pamoja na soketi ambayo wazazi walichanga fedha ili ifungwe, vinasubiri hadi leo, na wanachama waliosikia ahadi ya kwanza wamekwisha kumaliza shule.

Tunachoomba ni osiloskopu moja ya chaneli mbili, ya 50 MHz, hata iliyokwisha kutumika mradi ni nzima. Tunasisitiza ije na probu, yaani waya wake wa kupimia, inayogawanya volti kwa 100, kwa kuwa bila hiyo volti ya koili inaweza kuiunguza osiloskopu siku ya kwanza. Ikiwa jambo hili liko nje ya uwezo wako, tutakushukuru vilevile ukituambia leo, ili tuanze kuchangishana wenyewe badala ya kusubiri mwaka mwingine.

Ikiwa liko ndani ya uwezo wako, tunakuomba kwa unyenyekevu ututajie mwezi. Mweka hazina wetu ameketi mstari wa mbele akiwa na daftari la kumbukumbu, na Mkuu wa Shule amekubali kutia sahihi kama shahidi.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Elektroniki