Malalamiko kuhusu milango na vitanda vya nyumba yangu ya wageni, Lushoto

Lushoto, Tanga
14 Mei 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Milango na Samani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MILANGO 12 YA PAINA ILIYOUZWA KWANGU KAMA MNINGA, NA VITANDA 8 VISIVYOKAA MAGODORO

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mteja wenu wa oda ya tarehe 9 Septemba mwaka jana. Tangu Februari nimepiga simu ofisini kwenu mara saba na nimetuma picha kwa WhatsApp. Kila mara kijana wenu wa mauzo amenijibu kwa adabu, namshukuru kwa hilo, lakini hakuna fundi aliyekuja wala mlango uliobadilishwa. Sasa naandika ili maneno yangu yakae kwenye faili na yafike mezani kwako wewe mwenyewe.

Nyumba ninayoizungumzia ina vyumba sita vya malazi na kifungua kinywa. Nimeijenga kwa miaka mitatu kwa mafao yangu ya kustaafu, tofali kwa tofali, nikisimama na mafundi jua na mvua. Ilikuwa ifunguliwe tarehe 1 Juni, kwa sababu wageni wanaokuja kutembea msitu wa Magamba na kuangalia tambarare kutoka Irente huanza kuongezeka mwezi wa sita na kufika wengi Julai na Agosti. Kila kitu kingine kiko tayari. Bwana Afya amekagua jiko na vyoo, akaridhika. Mtungi wa sola wa maji ya moto uko juu ya paa na unafanya kazi, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai hicho si kitu cha anasa. Mablanketi yamefuliwa, neti zimefungwa, vikombe vimepangwa kabatini. Mabinti wawili niliowaajiri wameshajifunza kutandika na kuandaa mezani, na tangu tarehe 1 Aprili nawalipa mshahara bila kuwa na mgeni hata mmoja. Kinachoizuia nyumba hii kufunguliwa ni kazi yenu.

Nieleze kwanza tulivyokubaliana. Kwenye ankara yenu kifani (proforma), ambayo nakala yake nimeiambatanisha, mmeandika milango 14 ya "mninga daraja la kwanza, iliyokaushwa kwa tanuri" kwa shilingi 350,000 kila mmoja, na vitanda 8 vya mbao hiyo hiyo kwa shilingi 650,000 kila kimoja. Pamoja na usafiri wa 900,000, jumla ni shilingi 11,000,000. Nililipa 7,700,000 siku ya oda na 3,300,000 siku lori lilipofika, tarehe 21 Novemba. Sidaiwi hata senti moja.

Sikuchagua mninga kwa kujionyesha. Nyumbani kwangu kuna kabati la mninga la marehemu mama mkwe, lina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote, na mpaka leo mlango wake unausukuma kwa kidole kimoja unafunga bila kelele. Nilimwambia kijana wenu hivyo hivyo: nataka milango itakayokuwa kama ya kabati lile. Akanijibu, "Mama, ondoa wasiwasi, mzigo wetu unatoka Tabora." Nilimwamini, maana Tabora ni nchi ya misitu ya miombo na mninga wa huko kila mtu anaujua.

Milango ilifungwa Desemba na ilipendeza, sikatai. Ilikuwa myekundu, inang'aa vanishi. Januari, jua lilipokuwa kali, paneli zilianza kusinyaa. Katika chumba cha pili ulionekana mstari mweupe usiopakwa rangi pande zote mbili za kila paneli, na katika chumba cha tano ufa ulikuwa mpana kiasi kwamba taa ya korido ilionekana kitandani. Nilipopiga simu nikaambiwa ni hali ya hewa ya Lushoto, nisubiri mvua, mbao zitarudi mahali pake. Mvua za masika zikaja, mbao zikavimba kupita pale zilipokuwa. Milango minne imepinda: ukiifunga juu, chini inabaki nje ya fremu kwa upana wa kidole gumba. Mingine inakwama mpaka uisukume kwa goti. Hapo ushauri wenu ukabadilika. Mkaniambia niite seremala apige randa kidogo kwenye kingo.

Kabla seremala hajaja ikatokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niketi kuandika barua hii. Usiku wa tarehe 19 Aprili, mkesha wa Pasaka, wanangu na wajukuu walikuja, nikawalaza kwenye vyumba vya wageni ili tujaribu nyumba. Kiasi cha saa tano usiku mjukuu wangu wa miaka saba aliingia bafu la chumba cha tatu, akausukuma mlango kwa nguvu kama alivyoona wakubwa wanafanya, akatia komeo. Mlango haukufunguka tena. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatukumsikia mpaka mama yake alipoamka na kuona kitanda kitupu. Mtoto alikuwa analia, "Bibi, unakataa, Bibi, unakataa." Dirisha la bafu ni dogo na lina nondo. Bawaba ziko ndani, kwa hiyo bisibisi haikutusaidia. Mjomba wake alimwambia akae kona ya mbali na kujifunika kichwa, akaupiga mlango bega mara tatu. Mara ya tatu komeo liling'oka pamoja na skrubu zake zote nne. Nilimtoa mtoto yule akiwa anatetemeka, na mimi nikiwa natetemeka kuliko yeye. Tafadhali, Ndugu Meneja, fikiria angekuwa mgeni mzee mwenye shida ya moyo, au ungekuwa moto.

Asubuhi niliziokota zile skrubu. Meno yake yalikuwa yamejaa nyuzi za mbao laini, nyeupe. Skrubu iliyokaa kwenye mninga haichomoki namna ile.

Seremala wetu wa hapa alikuja tarehe 23 Aprili kufanya kama mlivyoelekeza. Aliuweka mlango wa chumba cha tatu juu ya meza, akapiga randa mara moja. Maranda ya kwanza yalitoka mekundu. Ya pili yalitoka meupe kama karatasi. Akasimama, akanitazama, akaniita ninuse. Ilikuwa harufu ya paina. Sihitaji mtaalamu kunieleza harufu hiyo: malori ya mbao za paina na saiprasi kutoka shamba la miti la Shume yanapita hapa Lushoto kila leo, watoto wetu wamekua na harufu yake. Tukalowesha kitambaa cheupe kwa spiriti na kukisugua nyuma ya milango yote, mmoja baada ya mwingine. Milango 12, yaani sita ya vyumba na sita ya mabafu, iliacha rangi nyekundu kwenye kitambaa na chini yake ukaonekana ubao mweupe wenye mistari mipana na vifundo. Mlango wa mbele na wa nyuma tu ndio mninga wa kweli. Hii miwili haijasinyaa wala kupinda, ingawa ndiyo inayopigwa na mvua na jua moja kwa moja. Kwa hiyo hoja ya hali ya hewa ya Lushoto naomba isirudiwe tena.

Najua mninga nao una ubao wa nje usio mwekundu, na pengine mtasema ndio niliouona. Ubao huo ni mwembamba, uko pembeni tu mwa gogo, hauwezi kutoa paneli nzima, na hautoi utomvu. Milango yenu inatoa utomvu. Katika chumba cha sita, ambako jua la asubuhi linapiga mlango moja kwa moja, kuna kifundo kilichotoboa vanishi na kuanza kulia. Tone lake limedondokea zulia jipya, limeganda, halitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Uzito nao unasema: mlango wa mbele waliubeba vijana wawili wakihema, wa chumba mjukuu wangu wa kidato cha pili aliubeba peke yake.

Paina yenyewe si mbao mbaya. Nimeitumia kwenye kenchi za paa langu na nimeridhika nayo. Lakini paina ina bei yake, na hata hiyo ya bei ya chini lazima ikaushwe kabla ya kuchongwa mlango. Mbao zikitoka msituni zimejaa maji. Zinapangwa kivulini na vijiti katikati upepo upite, miezi kadhaa, au zinaingizwa tanurini mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 12 hivi, ndipo zinafaa kwa kazi ya ndani. Zikichongwa mbichi zinakaukia kwenye fremu, na zinakaukia zinavyotaka zenyewe. Hivyo nimekosewa mara mbili katika mlango mmoja: aina ya mbao si niliyoilipia, na hata hiyo aina nyingine mliyoniletea haikukaushwa.

Kuhusu vitanda nitasema kwa kifupi. Niliagiza vinne vya futi tano kwa sita na vinne vya futi nne kwa sita, vipimo vya ndani, na kwenye karatasi ya oda neno "ndani" limepigiwa mstari na mkono wangu. Mmepima nje. Kitanda cha tano kwa sita kina futi 4 na inchi 10 kati ya mfumbati na mfumbati, kwa hiyo godoro halishuki, linajikunja katikati na anayelala anabingirikia ukutani. Chaga ni nyembamba na zimeachana kupita kiasi. Usiku ule ule wa Pasaka tatu zilikatika chini ya mwanangu, ambaye si mtu mnene. Matendegu ni imara, hayo sina neno nayo.

Tarehe 30 Aprili alikuja mkaguzi wa Zimamoto. Vizimamoto na njia za kutokea alivikubali, ila alipojaribu milango ya vyumba akaniambia wazi kwamba hawezi kupitisha nyumba ambayo mtu aliye ndani anahitaji msaada wa aliye nje ili atoke. Alisema kweli, na nisingependa anipitishe. Wageni wangu wa kwanza, watu wanane waliokuwa waje tarehe 6 Juni na mwongozaji wao, nimewarudishia malipo yao ya awali, shilingi 480,000. Huyo mwongozaji ni kijana niliyemfundisha darasa la nne. Aliniambia, "Mwalimu, sina shida, ila wageni hawa nitawapeleka wapi sasa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ninachoomba ni hiki. Mlete milango 12 ya mninga uliokauka kweli, pamoja na risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayoonyesha mbao zimetoka wapi, na mafundi wenu waje waifunge kwa gharama yenu. Vitanda vyote vinane virekebishwe hapa hapa viingie magodoro, viwekwe chaga nene zilizokaribiana. Nirudishiwe 480,000 za wageni niliowapoteza, mishahara ya mabinti wawili ya Aprili na Mei ambayo ni 600,000, na 85,000 nilizomlipa seremala kufuata ushauri wenu. Haya yote yakamilike ifikapo tarehe 15 Juni ili niuwahi msimu. Kama mninga hamna, semeni hivyo kwa maandishi ndani ya siku saba, mnirudishie shilingi 4,200,000 za milango hiyo 12 nami nitafute mahali pengine. Nitaelewa mtu anayeniambia hana. Kuendelea kuambiwa nisubiri mvua au nisubiri jua sitakubali tena.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumweleza mnunuzi kwamba bidhaa ni ya aina fulani wakati sivyo, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Siku saba zikipita bila jibu nitaipeleka barua hii na vielelezo vyake Tume ya Ushindani. Nimetunza ankara, risiti zote mbili, kitambaa chenye rangi, skrubu nne, mfuko wa maranda na picha za kila mlango zikiwa na tarehe. Mlango wa chumba cha tatu sijauruhusu uguswe tena. Uko stoo, mje muuone kwa macho yenu.

Lori likija, lije asubuhi. Barabara kutoka Mombo ina kona nyingi na ukungu hushuka mapema mwezi wa sita. Fremu ziko sawa, vipimo ni vile vile nilivyowaletea Septemba, na kutakuwa na mtu wa kuwapokea siku yoyote.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu,
mmiliki wa nyumba.