Habari hii nilitaka uisikie kwangu

Mbagala, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwaju,

Salamu nyingi kwako na watoto. Mama mkwe goti limepoa? Huku hatujambo, joto tu, na maji ndiyo yale yale ya kusubiria. Baba Rama anakusalimu, anasema lile deni la samaki hajalisahau.

Simu zako nimeziona, zote. Na ujumbe wako wa Alhamisi nimeuona, ule uliouliza, “Zuhu, ni kweli una kansa?” Ulinikuta nachambua mchele. Niliisukumia simu chini ya ungo nikaendelea kuchambua, hata chuya zilipokwisha bado nachambua. Nisingeweza kukujibu siku ile. Usidhani nimekukasirikia. Kilichoniuma ni kwamba habari imefika Morogoro kabla sijaifungulia kinywa, na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyepanga kumwambia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukuta wa chumbani haufiki juu, nikiongea na simu mpangaji wa pili anasikia kila neno. Halafu kwenye simu nitalia, na nikilia Rama anasimama mlangoni.

Basi nianze na ukweli wenyewe. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani. Niliukuta mwezi wa mfungo, nikioga kabla ya daku. Ulikuwa kama punje ya kunde, mgumu, hauumi. Sasa ni kama njugu mawe. Wamenichukua kinyama wakapime, majibu bado. Hakuna daktari aliyeniambia nina saratani. Yule aliyenitoboa sindano aliniambia vivimbe vingi vya matiti vinaishia kuwa si saratani, ila havipimwi kwa macho, lazima kinyama kiende maabara. Hilo ndilo ninalolijua mimi mwenye titi. Mtaa mzima unajua zaidi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana najua umeletewa na viungo.

Nilianzia zahanati. Mwaju, yule nesi pale zahanati Mungu amlipe. Alifunga mlango, akatundika kitenge chake dirishani, akanawa mikono kwa maji ya moto kidogo ili isinishtue, ndipo akanipapasa. Hakuuliza kitu mpaka nimefunga vifungo. Akaniandikia kwenda kituo cha afya, kituo cha afya wakaniandikia kwenda hospitali ya rufaa. Ngazi ndiyo hiyo, ukiiruka kadi ya bima inakataa unaambiwa ulipe mwenyewe. Sikulalamika. Nikasema huko juu ndiko kwenye wataalamu.

Huko juu ndiko nilikopigwa danadana. Kliniki ya matiti ni siku moja kwa wiki. Mara ya kwanza nilifika saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi akaniambia namba zimekwisha. Kumbe watu wanalala pale. Wiki iliyofuata nikatoka nyumbani saa tisa usiku, baba Rama akanisindikiza, nikapata namba, nikakaa hadi saa saba mchana, tukaambiwa daktari kaitwa chumba cha upasuaji. Sikumlaumu, mtu aliyekuwa mezani kule alimhitaji kuliko mimi. Lakini tarehe niliyopewa ilikuwa ya wiki tatu mbele. Wiki tatu, na kitu kinakua mwilini! Nikarudi. Mara hiyo daktari yupo, mashine ya utrasaundi haipo, imeharibika, nenda kapime nje ulete picha. Nje bima haikukubali, nikatoa hela ya mchezo, ile niliyokuwa nimepanga kununulia jiko la vitumbua. Wewe ulikuwa ukiniuliza jiko nimenunua, mimi nasema bado naangalia bei. Nisamehe kwa hilo.

Kila nikipigwa kalenda nilikuwa nasema, basi nikipata jibu la kueleweka ndipo nimwambie Mwaju. Nilitaka nikwambie kitu kimoja kilichokamilika, si vipande vya wasiwasi.

Ndipo ikaja siku ya dirishani.

Pale mapokezi kuna ukumbi mmoja mrefu, mabenchi labda kumi na tano, watu wamebanana, feni mbili hazizunguki. Dirisha ni moja, lina kioo, na kwenye kioo kuna kitundu cha kupitishia kadi. Kitundu kiko chini, usawa wa tumbo. Kwa hiyo ukitaka kusikika unainama na kupaza sauti, na dada wa ndani naye anapaza. Mtu anainama pale anasema, “Nina ngiri,” “Nimekuja kwa ajili ya kutokwa usaha,” ukumbi mzima unasikiliza kama taarabu. Mimi mara zote nilikuwa nasukuma karatasi bila kusema kitu. Siku hiyo karatasi yangu ya maabara ilikuwa ndani tayari. Nikasikia, “Zuhura! Zuhura wa kansa ya titi, njoo uchukue karatasi ya kinyama!”

Mwaju, nilikuwa nimekaa benchi la kumi.

Nilisimama. Sijui nilifikaje. Nakumbuka bibi mmoja alivuta kanga yake nipite, tusigusane, au labda alinipisha tu, sijui, na mpaka leo naiwaza ile kanga. Nakumbuka nilivyoinama kwenye kitundu nikamwambia dada taratibu, “Bado hawajasema kama ni kansa.” Akasema, “Nini? Sikusikii.” Ikabidi nirudie kwa sauti.

Na benchi la nyuma alikuwepo Mama Shadya na mjukuu wake wa mguu. Alifika mtaani kabla yangu, maana mimi nilipotoka pale nilikwenda kukaa chini ya mwarobaini wa geti la nyuma mpaka alasiri.

Sina hakika kama ni yeye. Sitaki kumbebesha dhambi. Lakini jioni ile ile walianza kuja, na juisi za maembe na pole za mkono kifuani, mmoja akaniuliza, “Wamesema una muda gani?” Wateja wa vitumbua wamepungua. Mmoja alimtuma mtoto aulize kama siku hizi napika mwenyewe au anapika dada wa kazi. Kama vile saratani inaingia kwenye unga! Hayo nayameza. La Rama ndilo sikulimeza. Alirudi madrasa, kavua kandambili moja, nyingine kaishika mkononi, akasimama pale kizingitini, akasema, “Mama, Shadya anasema utakatwa ziwa halafu utakufa. Utakufa lini?” Ana miaka tisa, Mwaju. Nilitakiwa nimwambie mimi, kwa maneno yangu, siku niliyoichagua, nimemkalisha mapajani.

Nimewaza sana kuhusu yule dada wa dirishani. Si mtu mbaya. Nimemwona akimbeba mzee mmoja aliyeanguka. Yuko peke yake, watu zaidi ya mia mbele yake, kila mmoja anaona yeye ndiye wa haraka. Lakini angesema “namba thelathini na mbili,” si ningekwenda? Namba ninayo mkononi, wameniandikia wenyewe kwa kalamu ya wino mwekundu. Ugonjwa wangu ulikuwa na kazi gani kwenye kile kioo? Na kule ndani kwa daktari ni vile vile, meza mbili chumba kimoja. Upande huu nimefungua blauzi, upande wa pili baba wa watu anaelezea mkojo wake, katikati pazia la magurudumu ambalo gurudumu moja halipo, kwa hiyo linainamia upande wangu. Yule baba aligeuza kiti chake akatazama ukuta. Yeye mgonjwa ndiye aliyenistahi.

Siku hizi namkumbuka sana marehemu kaka Idi. Unakumbuka tulivyomnunia tulipojua kwamba miaka yote ile alikuwa anachukua dawa Kibaha, na CTC, kliniki ya dawa za UKIMWI, ipo nyuma ya nyumba yenu, hata nauli haihitaji? Unakumbuka chupa tuliyoikuta kwenye begi lake, imejazwa pamba? Hatukujua pamba ya nini. Mama yako ndiye aliyesema baadaye, ni ili vidonge visilie akitembea. Nilikasirika wakati ule, nikasema kaka kaona sisi si wenzake. Sasa namwelewa mpaka mifupani. Hakuwa anatukimbia sisi, alikuwa anakimbia lile benchi la pale nje ambalo kila anayelikalia anajulikana kakalia nini. Na ile mvua ya masika iliyokata barabara, na nauli iliyokosekana, tarehe zikaanza kumpita moja moja. Samahani kukurudisha huko. Lakini wewe na mimi tunajua siri iliyovuja au inayoogopwa kuvuja inaweza kumtoa mtu kwenye dawa.

Na sheria ipo! Nilikuwa nakaanga vitumbua namsikiliza mwanasheria mmoja redioni nikazima jiko nimsikie vizuri. Ile sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ya mtu ni siri. Halafu ipo nyingine ya kulinda taarifa binafsi, ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Akasema habari za afya ya mtu ni katika taarifa nyeti, hazitolewi ovyo. Sisi tunadhani ni mambo ya simu na kompyuta, kumbe hata karatasi yangu ya kinyama imo. Nilisikiliza huku nimeshika mwiko, nikasema, sasa ile sheria ifike lini kwenye kile kitundu?

Nilirudi. Jumatano nilikwenda kwa muuguzi mkuu. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari la Rama nitakachosema ili nisilie. Mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango bila kuambiwa. Akaniomba radhi. Akasema wameomba sana dirisha la pili na chumba kingine, hawajapata. Nikamwambia mama, sikuombi chumba, nakuomba namba, wawaite watu kwa namba. Akaandika. Sijui kama watafanya. Nikitoka nililiona sanduku la maoni, kufuli lake lina kutu, nikatia na hapo karatasi nyingine.

Sasa, ombi langu. Majibu ni Jumanne ya wiki ijayo, siyo hii, ile inayokuja. Kama hawajaahirisha. Nakuomba uje twende wote. Baba Rama anataka kunipeleka, ila yeye akiingia hospitali anakuwa haongei, na mimi nahitaji mtu wa kusikia pamoja nami. Huyo daktari anaongea haraka, na nikitajiwa neno lile najua masikio yangu yatajifunga. Nataka mtu wa kuuliza, “Kimeenea au hakijaenea? Tunaanza nini, lini, wapi?” Wewe unajua kuuliza, hata mwalimu wa jiografia alikuwa anakuogopa. Wakisema niende Ocean Road, kwenye hospitali ya saratani, nataka niwe nimekushika mkono wakati wanasema. Wakisema si kitu, nataka tule chipsi kuku pale stendi tuchafuke mpaka viwiko.

La pili, Mama asijue. Presha yake unaijua. Nikishapata jibu nitapanda gari mwenyewe mpaka Kilwa nikamwambie uso kwa uso. Ikikufikia kwamba mtu anataka kumpigia, tafadhali mzuie.

Nijibu haya, usiruke hata moja. Nani aliyekwambia? Ni yule binti wa Mama Shadya aliyeolewa Kihonda? Alisema nini hasa, na kuna mwingine aliyekuwepo akisikia? Umekasirika kwamba sikukwambia mapema? Sema kweli, nitabeba. Kazini watakupa ruhusa ya siku mbili? Utakuja na treni ya asubuhi au utalala hapa kuamkia siku hiyo, maana tunatoka saa tisa usiku? Na watoto utamwachia nani? Na wewe mwenyewe, Mwaju, ulishawahi kupima? Si uliniambia mwaka juzi kuna kitu unakisikia, ukanyamaza, na mimi sikukuuliza tena. Kiliishaje?

Barua nampa Hadija wa kwa kina Mwinyi, anakuja huko kesho. Atarudi Ijumaa, nipe jibu kupitia kwake. Bahasha nimeibandika kwa gundi ya Rama ya shule, nikaandika jina langu juu ya mshono. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Wako,
Zuhura