Salamu za Idi kutoka Lindi, kila moja na jina lake

Assalaam alaykum wanangu, wajukuu zangu, majirani, na nyote niliofanya nanyi kazi Posta. Walionizidi umri, shikamooni. Mwezi umeandama, Idi Mubarak. Aliyefunga, Mungu aipokee swaumu yake. Aliyezuiwa na maradhi, Mungu ampe afya ailipe. Majirani zangu Wakristo, Kwaresima yenu na Ramadhani yetu zilianza wiki moja, tukafunga mtaa mzima. Pasaka yenu ikifika, tambi zenu mtazikuta kwangu.

Idi hii imenirudisha mbali. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hutembea: inapita kwenye msimu wa korosho, inapita kwenye kiangazi cha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na baada ya miaka kama 33 inarudi ilipokuwa. Idi ya 1993 iliangukia Machi, kwenye masika haya haya. Nilikuwa dirishani, Posta ya hapa Lindi, msichana mwenye muhuri mkononi.

Wakati ule tulikuwa Shirika la Posta na Simu, barua na simu nyumba moja. Tulitenganishwa mwaka uliofuata. Daraja la Mkapa bado, lilikuja kufunguliwa 2003, na Rufiji tuliivuka kwa pantoni pale Ndundu. Masika yakikolea mto unafurika, tope linameza magurudumu, mifuko ya barua inakaa njiani. Kadi za Idi zilizotoka Dar es Salaam zilifika sikukuu imeshaliwa na sahani zimeshaoshwa. Tulizigawa hivyo hivyo, na watu walizipokea kwa mikono miwili.

Aliyekuwa na haraka alikimbilia telegramu, maana telegramu haikuogopa tope. Lakini ililipiwa kwa neno. Siku mbili kabla ya Idi ile alikuja mzee mmoja mvuvi, amevuka kutoka Kitunda kwa mtumbwi, pesa zake kazifunga kwenye pindo la kikoi. Alitaka kumpelekea mwanawe aliyekuwa Tanga salamu za sikukuu, amwambie pia kwamba nyumbani wamekaa wakazungumza, wamelisamehe lile jambo, na sasa arudi. Lile jambo ni lipi sikumuuliza, na yeye hakusema. Maneno yalijaa karatasi, pesa hazikufika hata nusu yake. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, lakini tulikaa tukapunguza pamoja.

Hapo ndipo nilipoijua baraka ya lugha yetu. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinambeba anayetenda, kinabeba wakati, kinambeba na anayetendewa. "Sisi sote hapa nyumbani tumeshakusamehe wewe" ikawa TUMEKUSAMEHE. Chini ya jina la kijana na anwani yake tukabaki na maneno matatu: TUMEKUSAMEHE RUDI BABA. Mzee akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaomba tena. Foleni yote ilinyamaza, hata mwanamke aliyekuwa ananung'unika kuhusu mtoto wake mgongoni.

Sasa nawaambia kwa nini nimeikumbuka. Jana tangu Magharibi simu yangu imeita mpaka chaji ikaisha. Picha za mwezi, picha za msikiti, maua yanayometameta, na shairi moja refu nililotumiwa na watu watano, neno kwa neno, limesambazwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Nawashukuru wote kwa kunikumbuka. Lakini wanangu, yule mzee wa Kitunda alinunua maneno matatu kwa pesa ya samaki wa siku nzima. Leo maneno ni karibu ya bure, andikeni yenu. Mniandikie "Mama, Idi njema, mwanangu wa mwisho ameota jino." Hiyo nitaisoma mara mbili na nitaipeleka kwa jirani.

Na mkono wa Idi uwe mkono. Najua siku hizi mjukuu anatuma namba, bibi anabonyeza, pesa inaingia. Walio mbali nitawatumia hivyo, sina njia nyingine. Walio Mtanda, Mikumbi na Rahaleo waje wenyewe na nguo zao mpya, niwashike kichwa, niwape sarafu yao kwenye kiganja. Mtoto anayevuka mtaa kuamkia wakubwa anajifunza nyumba za ukoo wake zilipo, na huo ndio ufunguo nitakaomwachia.

Pilau ya mwaka huu nimeipika kwa gesi. Taifa limeweka lengo kwamba kufikia 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi, nami kwa kifua changu nimeshajiunga. Watu huniuliza mbona gesi inatoka kwetu, Songo Songo na Mnazi Bay, halafu mtungi tunaununua kama wengine. Ya kwetu ni gesi asilia, inasafiri kwenye bomba. Ya mtungi ni aina nyingine, inaletwa na meli kutoka nje. Zipo nyumba za hapa Lindi na Mtwara zilizokwisha kuunganishwa na bomba, na naomba kazi hiyo iendelee mpaka mitaa ya juu. Kitu kimoja tu kwenye gesi kinanishinda: kupalia. Pilau inataka makaa juu ya kifuniko ili ikauke taratibu na kushika harufu. Kwa hiyo mwisho nimewasha mkaa kidogo, wa kupalia tu. Wizara inisamehe kwa siku ya Idi.

Wanaosafiri, nina neno nanyi. Mwaka 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei zilipokata barabara maeneo ya Somanga, niliona kwenye taarifa ya habari abiria wamelala kwenye mabasi, akina mama na watoto, na moyo wangu ukarudi kwenye mifuko ile ya barua. Madaraja yajengwe juu zaidi, makalavati yawe mapana. Maji ya Kusini tunayajua tangu zamani na yatakuja tena. Nanyi mnaopandia Mbagala, kutoka hapo mpaka Lindi ni kilomita kama 450. Mkiona dereva anayakimbilia maji yanayovuka barabara, mwambieni asimame. Pilau nitaipasha.

Sasa salamu zenyewe.

Mwanangu wa Mbagala: Idi njema, shati ulilosahau nimelifua, liko kwenye kamba. Binti yangu wa Masasi: Mungu akufungue salama, mkunga wako msikilize kuliko unavyonisikiliza mimi. Mjukuu wangu uliye bwenini: nimesoma barua yako, umeandika "ukarimu" vizuri safari hii. Jirani yangu wa mlango wa pili: sufuria yako kubwa iko kwangu, na haiji tupu. Fundi wangu wa baiskeli: Idi njema, breki zinashika.

Na wewe dereva wetu wa gari la barua, uliyelala Ndundu siku sita na mifuko yetu na hukupoteza hata bahasha moja: nasikia sasa uko Nangurukuru na goti linakusumbua. Idi Mubarak, kaka yangu. Mvua zikipungua nakuja kukuamkia, nikuletee ming'oko.